Chapa Moja kwa Mtumbwi wa Tusekile

Watu ni watatu, chapa ni moja. Sogeeni karibu, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii ikifika mwisho ninyi ndio mtakaoachiwa kazi.

Kando ya Ziwa Nyasa, kule milima inakoshuka moja kwa moja mpaka majini, kuna kijiji kinaitwa Itamba. Barabara haijafika, wala haina pa kupita. Ukitaka kwenda Lusisi, kijiji cha jirani, unakwenda kwa maji, unazunguka mwamba mkubwa uliojitokeza ziwani ambao watu wanauita Pua. Hapo Pua mawimbi hayana adabu. Yanatoka ziwani, yanagonga mwamba, yanarudi nyuma, yanakutana na mengine yanayokuja, na maji yanasimama wima kama watu walioshikana mashati.

Itamba kulikuwa na watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza alikuwa Mzee Ambilikile, fundi wa mitumbwi. Yeye hugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio, kisha akakuonyesha ufa ulipo hata kama jicho halijauona. Ametengeneza mitumbwi arobaini na mmoja kwa mikono yake, na hakuna hata mmoja uliovuja katika mwaka wake wa kwanza.

Wa pili alikuwa Mama Subilaga, msuka nyavu. Mafundo yake yanajua kazi. Ukiyalowesha yanakaza, ukiyavuta kwa kidole kimoja, mahali anapopajua yeye, yanafunguka. Wavuvi husema mama huyu akikufungia mbuzi, siku ya kumchinja utamwita tena aje amfungue.

Wa tatu alikuwa Lwitiko, mpiga mbizi. Alivuka kutoka ng'ambo ya ziwa kuja kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaosafirishwa wakiwa hai ndani ya mifuko ya maji. Kazi ile ikaisha, yeye akabaki. Akizama, watu ufukweni huanza wimbo wa kanisani, na hufika ubeti wa tatu kabla kichwa chake hakijatokea.

Na kulikuwa na Tusekile. Yeye kipaji hakuwa nacho, au ndivyo alivyojiona. Alikuwa mhudumu wa afya, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwimbaji wa sauti ya pili kwaya ya kanisani, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kujuta. Kila Alhamisi alitakiwa kuzunguka Pua na sanduku la chanjo kuwapelekea watoto wa Lusisi. Aliyemtangulia kwenye kazi hiyo alipinduka palepale Pua. Mwenyewe alipona, lakini sanduku halikuonekana tena, mtumbwi ukazama, na yule bwana akaenda kulima mpunga Kyela. Lusisi ikakaa miezi mitatu bila chanjo. Tusekile alipopewa kazi, alikwenda kwa wale watatu, mmoja mmoja, akawaambia jambo moja: "Kupinduka nitapinduka. Nisaidieni nirudi."

Mzee Ambilikile alianza. Alitengeneza mtumbwi mrefu, mwembamba, akaufunika juu kwa mbao nyembamba mbele na nyuma, akaacha tundu moja katikati la mtu kukaa. Ndani akaweka kuta mbili, moja mbele ya nyayo za mpandaji na moja nyuma ya mgongo wake, akaziziba kwa pamba na lami mpaka hata harufu haikupita. Chumba cha mbele akakitengenezea kifuniko cha kukaza kwa mpira wa tyubu, sanduku la chanjo likae humo.

"Maji yakiingia yataingia hapa katikati tu," alisema. "Ndoo nne, hazizidi. Mbele hewa, nyuma hewa. Huu hata ukiujaza hauzami."

Tusekile aliuzunguka mara mbili. Alikuwa amezoea mitumbwi mipana unayoweza kupakia ndizi na shangazi wawili.

"Baba, mbona umenichongea jeneza?"

Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakacheka. Mzee hakucheka.

"Jeneza halina tundu la kutokea," alisema, akaendelea kupiga msasa.

Basi jina likashika. Hata watoto wakawa wanasema, jeneza la Tusekile liko wapi leo.

Mama Subilaga alifuata. Alizungusha kamba pembeni mwa mtumbwi wote, nyuma mpaka mbele, ili popote mkono utakapoangukia ukute pa kushika. Kafi la mtumbwi ule lilikuwa na bapa huku na bapa huku, na yeye akalifunga kwa uzi mrefu lisiende na maji. Akamshonea Tusekile koti la maboya ya nyavu, kifuani na mgongoni. Mwisho akaleta dumu la lita tano, lililofungwa kitanzi shingoni, na kitanzi kingine kikubwa cha kukanyagia.

"Ukipinduka, dumu hili unalivika ncha ya kafi," alimweleza. "Ncha ya pili unaipitisha chini ya kamba, hapa nyuma ya tundu. Kafi linakaa juu ya maji kama mkono ulionyooshwa, dumu linalizuia lisizame. Mtumbwi haugeuki tena. Kitanzi unakitundika kwenye kafi, unakanyaga, unapanda. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Dumu kazi yake ni kuwa tupu."

"Nimesikia."

"Hujasikia. Wewe ni mtu wa hapa. Mtu wa Itamba hajawahi kuona dumu tupu akaliacha hivyo hivyo."

Ni kweli tupu. Itamba kila kitu kinakuja kwa maji, kuanzia mafuta ya taa mpaka sukari ya harusi, na dumu lisilo na kitu ndani ni kama safari iliyopotea bure. Tusekile aliapa. Alisema hata maji ya kunywa hatalitilia.

Lwitiko alikuwa wa mwisho. Hakuleta kitu mkononi. Kila Jumamosi asubuhi alimwambia Tusekile akae mtumbwini, wakaenda maji ya kifuani, akaupindua.

"Kwanza mtumbwi," alikuwa akimwambia kila anapoibuka akitema maji. "Mkono mmoja kwenye kamba. Halafu kafi. Halafu ndiyo uvute pumzi, moja, mbili, tatu, taratibu. Ukiachia mtumbwi umeachia nyumba. Haya, tena."

"Kaka Lwitiko, maji yameniingia puani."

"Yatatoka. Tena."

Akampindua kwa kushoto, akampindua kwa kulia, akampindua akiwa anaongea. Watu walikuja kuangalia. Walileta mihogo ya kuchoma, wakakaa juu ya mawe, wakawa wanahesabu. Na hapa ndipo aibu ilipomshika Tusekile. Mtu anayesimama mbele ya akina mama kuwafundisha lishe, Jumamosi anaonekana akitapatapa kama kuku aliyeangukia pipani. Jumamosi mbili alituma ujumbe kwamba ana homa. Homa hakuwa nayo. Lwitiko alimletea ndimu, naye akazipokea, akashukuru. Usiku alipiga magoti kuomba, akaliruka jambo hilo katika sala yake kama mtu anayeruka tope.

Sasa ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa nane, na upepo wa mwera, ule mkali wa kusini, ulikuwa unaamka.

Wifi yake Tusekile, kule Lusisi, alikuwa amejifungua wiki ile. Mtu haendi kwa mzazi mikono mitupu. Tusekile alikuwa na mafuta ya mawese mazuri, mekundu, na chombo cha kuyabebea hakuwa nacho. Alitazama huku, akatazama huku. Dumu lilikuwa linaning'inia mtumbwini, tupu, safi, lina kifuniko kinachobana. Akajiambia kwamba ni siku moja tu. Akatia lita nne.

Pua alifika saa tatu asubuhi. Wimbi la kwanza lilitoka ziwani, akalipanda. La pili lilirudi kutoka kwenye mwamba, akalikata. La tatu na la nne yalikutana chini yake, mtumbwi ukainuka, ukakosa pa kukaa, na Tusekile akajikuta kichwa chini ndani ya maji ya kijani, hajui juu ni wapi.

Alichosikia kule chini ni sauti ya Lwitiko: kwanza mtumbwi. Mkono wake uliutangulia moyo. Ulipapasa ubavu wa mtumbwi ukakuta kamba ya Mama Subilaga, ukaishika. Akajitoa kwenye tundu la kukaa, akaibuka. Koti la maboya likamsukuma juu. Akavuta uzi, kafi likaja. Akavuta pumzi, moja, mbili, tatu, katikati ya mawimbi yanayompiga makofi, na hakumeza maji.

Akaugeuza mtumbwi. Ulirudi ukakaa. Katikati ulijaa maji, lakini mbele na nyuma ulielea vilevile kama bata, kuta za Mzee Ambilikile zikiwa zimebana pumzi yake. Akavika dumu kwenye ncha ya kafi, akapitisha ncha ya pili chini ya kamba, akakanyaga kitanzi, akajiinua.

Kafi likazama. Mtumbwi ukalala ubavu, ukamtupa majini tena.

Hapo Tusekile akalikumbuka dumu, na kilichomo. Mafuta yanaelea, ndiyo, lakini yanajibeba yenyewe kwa shida. Mtu mzima wa kilo sabini hayawezi. Mwamba ulikuwa unakaribia. Alining'inia kwenye kamba kwa mkono wa kushoto, akang'ata kifuniko kwa meno, akakizungusha, na lita nne za mawese zikamwagika ziwani. Maji yakawa mekundu kumzunguka. Watu wawili waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwa lile, juu ya mawe ya Lusisi waliona wekundu ule, wakadhani ni damu yake, wakaanza kuomba kwa sauti.

Damu haikuwa. Alifunga kifuniko, akavika dumu mara ya pili, akakanyaga. Sasa kafi lilishika. Akalala kifudifudi juu ya mtumbwi, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akageuka, akakaa. Akachota maji kwa kopo lililofungwa humo ndani, ndoo nne kama alivyoambiwa, akapiga kafi mpaka Lusisi. Wanaume wale wawili walimpokea, mmoja akimgusa bega kuona kama ni mtu. Akafungua kifuniko cha mbele: sanduku la chanjo kavu, barafu bado ngumu. Siku ile, akiwa na nguo zilizolowa na nywele zinanuka mawese, alichanja watoto ishirini na sita.

Itamba wana desturi yao. Mtumbwi uliopinduka ukamrudisha mwenyewe akiwa hai huvutwa mpaka nchi kavu, ukageuzwa, na mbele yake ikachomwa chapa moja kwa chuma cha moto: chapa ya mtu aliyemrudisha. Mwenye mtumbwi ndiye anayechagua, kwa mkono wake. Usipochomwa chapa, hakuna atakayeukubali uguse maji tena. Na chapa ni moja kwa kurudi kumoja. Ukichoma tatu, kila atakayeuona atajua umepinduka mara tatu, na nani atakuletea mtoto wake karibu na chombo kama hicho?

Mhunzi akafua vyuma vitatu. Kimoja chenye tezo, cha Mzee Ambilikile. Kimoja chenye fundo, cha Mama Subilaga. Kimoja chenye samaki, cha Lwitiko. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumatano, kwa sababu kesho yake Lusisi wanasubiri chanjo. Kijiji kizima kilishuka ufukweni kimevaa nguo za Jumapili. Hakuna kijiji kingine upande ule wa ziwa kilichopata kumtoa mtu Pua, yeye na mzigo wake, na watu wa Itamba siku ile walitembea kifua mbele.

"Semeni," mhunzi akawaambia wale watatu, "na msiwe na haya."

Hawakuwa na haya.

Mzee Ambilikile alisema, "Mitumbwi yangu arobaini na mmoja haijawahi kupata chapa, kwa sababu haijawahi kupinduka. Mafundi wabovu wana chapa tatu tatu, mimi sina hata moja. Nimezeeka nikiwa sina alama katika ufuo huu. Huu ni wa arobaini na mbili. Ungezama, angeshika nini? Angefunga kamba wapi? Angerudi kukaa ndani ya nini?"

Mama Subilaga alisema, "Mtumbwi wa mzee ulielea, nakubali. Na gogo nalo huelea. Mtu aliye majini na mtumbwi unaoelea bado ni mtu aliye majini. Aliyempandisha ni nani? Kamba yangu, dumu langu, kitanzi changu. Tena angalieni chapa zote zilizopo hapa ufukweni, mnitafutie moja ya mwanamke. Mkiipata, nitarudi nyumbani kuchambua mboga."

Lwitiko alisema, "Mimi sikutengeneza kitu. Lakini yule bwana aliyekwenda Kyela, alipopinduka alikuwa na kamba mtumbwini, na kafi pia. Aliachia vyote, akaogelea kwa hofu. Vitu havimwokoi mtu ambaye mkono wake umesahau. Mimi niliufundisha mkono. Na mnaniita bado mgeni, miaka kumi na moja. Mtu mwenye chapa Itamba haitwi mgeni."

Watu wakanong'ona. Mwanamke mmoja akasema chapa apewe mchikichi, kwani si mafuta yaliyotuliza mawimbi? Wakacheka, na vicheko vikampa Tusekile nafasi ya kufuta macho.

Mwinjilisti Asegelile alikuwa amesimama na Biblia yake kwapani. Mzee mmoja akamwambia, "Mwinjilisti, si uchomwe msalaba tu, yaishe? Aliyemwokoa ni Mungu."

"Ni Mungu," Mwinjilisti akajibu. "Ila Mungu hagombei chapa na fundi. Yeye ndiye aliyewapa hao watatu vipaji, na sasa anataka kuona kama tunajua kushukuru kwa majina."

Tusekile akasogea mbele. Alikuwa amejiandaa kuchagua, lakini lililomtoka mdomoni ni jingine.

"Kabla sijashika chuma, niseme. Baba, mtumbwi wako niliuita jeneza, na jina likaenea. Mama, dumu lako nililitia mawese, lita nne. Kaka, homa yangu ya Jumamosi mbili ilikuwa uongo, na ndimu zako nilikula na samaki. Na liko jingine baya kuliko hayo. Jana asubuhi niliamka nikiwaza kwamba mkono uliojinyanyua ni wangu, na chapa iwe yangu. Nimeomba msamaha kwa Mungu. Sasa naomba kwenu."

Mama Subilaga akauliza, "Lita nne?"

"Nne, mama."

"Na ulipong'ang'ana nalo katika mawimbi, limejaa hivyo, fundo la shingoni halikuachia?"

"Halikuachia."

Mama Subilaga akawageukia watu, uso umemng'aa. "Mmesikia wenyewe."

"Mimi homa nilijua," Lwitiko akasema. "Siku zile ulionekana sokoni ukikaanga maandazi. Ndiyo maana Jumamosi ya tatu nilikupindua mara kumi na mbili. Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Nilikuwa nalipiza zile Jumamosi mbili, na hizo kumi na mbili zikakutosha kule Pua."

Mzee Ambilikile akainama, akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kifundo cha kidole, akausikiliza kutoka mbele mpaka nyuma mbele ya kijiji chote. Umepigwa na mawimbi ya Pua, umelala ubavu mara mbili, umejaa maji.

"Hauna ufa," alisema. "Jeneza hili, mwanangu, halina ufa."

Kwa hiyo mnaona. Alidhani akiungama mzigo utapungua, na kila alilolitubia likawa sifa mpya ya yule aliyemkosea. Kuta zisingebana, kamba zingekuwa zimefungwa kwenye chombo kilichokwenda chini. Kamba na dumu visingekuwepo, mtumbwi ungeelea pembeni yake mpaka mwamba uwakute wote wawili. Na mkono usingefundishwa, ungeachia vyote viwili katika pumzi ya kwanza.

Vyuma vitatu viko motoni, ncha zake zimekuwa nyekundu kama mawese. Mtumbwi umegeuzwa, mbele yake umepigwa msasa, ubao ni mweupe. Kwaya imeacha kuimba. Kesho ni Alhamisi, na huko ng'ambo ya Pua akina mama wameshaambiwa wawaogeshe watoto mapema. Mzee ambaye hajawahi kuwa na alama anatazama. Mwanamke anayetaka kuwa wa kwanza anatazama. Mgeni wa miaka kumi na moja anatazama. Tusekile amelowesha kitambaa, amekizungushia mkononi, na ameinama mbele ya moto.

Haya, kitambaa hicho nakivua mkononi mwake, nakuvisha wewe. Ungevuta chuma kipi?